Kerneli mpya, kadi ya zamani: mwongozo kamili wa kurudisha picha kwenye kompyuta ya Linux

Ujumbe unaonifikia kutoka kwa mafundi wa Ngamiani na walimu wanaotunza vyumba vya kompyuta, kuanzia Makorora hadi Muheza, unafanana: "Nimesasisha, nikawasha upya, kioo kikawa cheusi. Nikafomati." Kerneli nyingine (kiini cha Linux kinachosimamia vifaa) ikiingia, kioo kinazimika tena, na safari hii kimeondoka na mitihani ya kidato cha nne au hesabu za duka.

Kufomati hakutibu tatizo hili. Faili zako hazina kosa. Kilichotokea ni kwamba kerneli imebadilika na draiva ya kadi ya picha, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo, imebaki ilivyokuwa, na hali hiyo ina sababu chache zinazojulikana. Ukiijua sababu, unaitibu bila kugusa hata barua moja ya mteja.

Nimeandika kwa ajili ya mashine tunazokutana nazo zaidi hapa Tanga: Dell OptiPlex, HP Compaq na Lenovo ThinkCentre za mitumba, zenye kadi ya Nvidia iliyochomekwa ndani, zikiendeshwa na Ubuntu 22.04 au Linux Mint 21. Kwenye Debian mantiki ni hiyo hiyo, ila majina ya vifurushi hutofautiana.

## Vitu vya kuandaa

- Flashi au diski ya nje ya kunakilia faili za mwenye mashine.
- Simu yenye bando na waya wake wa USB. Ukishirikisha intaneti kwa waya, Linux huipokea simu kama kadi ya mtandao bila kuhitaji draiva nyingine. Hii itakuokoa pale Wi-Fi inapogoma.
- UPS, au laptopu yenye betri nzima. Umeme ukikatika wakati mfumo unaandika faili za kuwashia, unabaki na mashine isiyowaka kabisa.
- Kalamu na karatasi. Utaandika namba za matoleo, na kichwa hakizihifadhi.
- Nenosiri la mtumiaji mwenye mamlaka ya `sudo`. Mwulize mwenye mashine kabla hajaondoka dukani.

## Jambo moja la kuelewa kwanza

Kerneli ya Linux ina ahadi kubwa kwa programu za kawaida: programu iliyofanya kazi jana inatakiwa ifanye kazi kesho. Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux, ni mkali sana juu ya hilo. Lakini ahadi hiyo haiwahusu draiva. Ndani ya kerneli, kazi ("functions", vipande vya msimbo ambavyo draiva huviita) hubadilishwa majina, huongezewa vigezo au hufutwa kila toleo linapotoka.

Draiva iliyomo ndani ya kerneli yenyewe, kama `nouveau`, `i915` au `radeon`, hurekebishwa pamoja nayo. Draiva iliyo nje, kama ile ya Nvidia, lazima ijengwe upya kwa kila kerneli. Kazi hiyo hufanywa na DKMS kimya kimya wakati wa kusasisha. DKMS ikishindwa, mara nyingi hakuna anayeuona ujumbe wake, na habari unazipata asubuhi kioo kikiwa cheusi.

## Hatua ya 1: Hakikisha ugonjwa si wa vifaa

Washa mashine na utazame sekunde za mwanzo. Nembo ya mtengenezaji ikionekana, kadi, waya na kioo ni vizima, na tatizo linaanzia pale Linux inaposhika usukani. Endelea na hatua ya 2.

Nembo isipoonekana, acha habari ya draiva kwanza. Angalia kama waya wa kioo umechomekwa kwenye kadi au kwenye tundu la ubao mama. Mashine nyingi huzima tundu la ubao zikiona kadi. Kisha chomoa kadi na RAM, ufute meno yake. Kwa ofisi zilizo karibu na bahari, Raskazone na pembezoni mwa bandari, hewa ya chumvi hula meno hayo, na nimeona mashine "zenye draiva mbovu" zikipona kwa kifutio cha penseli.

## Hatua ya 2: Ingia kwa kerneli ya zamani

Ubuntu na Mint haziifuti kerneli iliyotangulia mara moja. Iko palepale, na draiva yake tayari imejengwa.

Washa mashine na ushikilie `Shift` kama ni ya BIOS ya zamani, au gonga `Esc` kama ni ya UEFI, mpaka menyu ya GRUB, programu inayochagua kerneli ya kuwasha, itokee. Chagua mstari wa "Advanced options", kisha kerneli yenye namba ya chini. Usichague ile yenye maneno "recovery mode" kwa sasa.

Ukiingia na picha ikawa nzuri, umeshajua jambo kubwa: draiva yako inaelewana na kerneli ya zamani na imekosana na mpya.

Ikiwa nayo inatoa weusi, rudi kwenye GRUB, simama juu ya mstari wa kerneli na ubonyeze `e`. Tafuta mstari unaoanza na neno `linux`, futa `quiet splash`, na mahali pake andika:

`nomodeset systemd.unit=multi-user.target`

Bonyeza `F10`. Utapata maandishi matupu na mahali pa kuandika jina na nenosiri. Hapo unaweza kufanya kila kitu kilicho katika mwongozo huu. Neno `nomodeset` linawazuia draiva wa ndani ya kerneli wasiishike skrini. Ni la kuingilia tu. Ukiliacha humo daima, picha itabaki kubwa, nzito na ya kukatika, na mwenye mashine atarudi.

Umefaulu ukiwa na terminali mbele yako. Kabla ya lolote, nakili faili za mwenye mashine kwenye flashi.

## Hatua ya 3: Kusanya ushahidi

Wengi hurukia kusakinisha draiva mpya hapa, na ndipo wanapoharibu. Andika kwanza majibu ya amri hizi:

`uname -r`
`ls /boot/vmlinuz-*`
`lspci -nnk | grep -iA3 vga`
`dkms status`
`mokutil --sb-state`
`df -h /boot`

Amri ya kwanza inakuonyesha kerneli unayoitumia sasa. Ya pili, zote zilizomo. Ya tatu inataja kadi na draiva inayoiendesha, kwenye mstari wa "Kernel driver in use". Namba `10de` ni Nvidia, `1002` ni AMD, `8086` ni Intel. Ya nne ndiyo kiini cha yote: inaorodhesha moduli (draiva za nje zilizojengwa ziingie ndani ya kerneli) na kerneli ilizojengewa. Ukiona Nvidia imetajwa pamoja na kerneli ya 5.15 peke yake wakati mashine ina 6.8 pia, chanzo umekipata.

Ikiwa mara ya mwisho mashine iliwaka kwa kerneli mpya na kioo cheusi, soma ilichosema wakati ule:

`journalctl -k -b -1 | grep -iE "nvidia|nouveau|drm"`

## Hatua ya 4: Ijue kadi kwa jina la chipu

Jina lililochapishwa kwenye kadi hudanganya. GeForce GT 730 ziliuzwa nyingine zikiwa na chipu ya kizazi cha Fermi, nyingine Kepler, na draiva zake ni tofauti. GT 610 ina jina la 600 lakini ndani ni Fermi. Soma msimbo wa chipu ambao `lspci` inautaja kabla ya jina la kibiashara.

Chipu za G80 hadi GT218, ambazo utazikuta kwenye GeForce 210 na Quadro NVS 300, zinataka draiva ya 340. Nvidia ilitoa toleo lake la mwisho, 340.108, mwaka 2019.

Chipu zinazoanza na GF ni Fermi, kwa mfano Quadro 600. Zinataka draiva ya 390, ambayo toleo lake la mwisho ni 390.157 la mwaka 2022.

Zinazoanza na GK ni Kepler, kwa mfano Quadro K600. Hizo ni za draiva ya 470, ambayo nayo Nvidia iliacha kuihudumia mwaka 2024.

Usijaribu kuweka draiva ya namba kubwa zaidi ukidhani mpya ndiyo bora. Draiva ya 535 haiitambui kabisa kadi ya Fermi. Itajisakinisha bila kulalamika, kisha itakuachia weusi.

Kadi ni ya Intel au AMD? Basi draiva yake imo ndani ya kerneli, na shida yako huenda iko hatua ya 7.

## Hatua ya 5: Jenga upya moduli kwa kerneli mpya

DKMS haiwezi kujenga bila faili za heda za kerneli husika, yaani faili zinazoieleza draiva sehemu za ndani za kerneli hiyo. Hapa ndipo watu wanapokwama bila kujua. Wanaingia kwa kerneli ya zamani, kisha wanaandika amri yenye `$(uname -r)`, na mfumo unawajibu kwamba heda zipo. Kweli zipo, ila ni za kerneli ya zamani. Wewe taja ile mpya kwa jina lake kamili, kama ulivyoliandika kwenye karatasi. Mahali pa NN weka namba yako:

`sudo apt install linux-headers-6.8.0-NN-generic`
`sudo dkms autoinstall -k 6.8.0-NN-generic`

Ikimaliza vizuri, `dkms status` itaitaja kerneli mpya pamoja na neno "installed". Andika `sudo update-initramfs -u -k 6.8.0-NN-generic`, washa upya, na kazi imekwisha. Sakinisha pia `linux-headers-generic-hwe-22.04`, ili heda za kerneli zijazo ziwe zinakuja zenyewe.

Ikishindwa, fungua kumbukumbu ya ujenzi. Kwa draiva ya 390 iko hapa:

`less /var/lib/dkms/nvidia/390.157/build/make.log`

Usisome mstari wa mwisho. Tafuta kosa la kwanza kabisa, kwa kuandika `/error` ndani ya `less`. Mengine yote chini yake ni watoto wa hilo.

Ukikuta kompaila haipatikani, au inalalamikia chaguo la `-ftrivial-auto-var-init=zero`, kerneli ilijengwa kwa kompaila mpya kuliko uliyonayo. Ubuntu 22.04 inakuja na gcc 11, wakati kerneli zake za nyongeza za baadaye zimejengwa kwa gcc 12. Dawa ni `sudo apt install gcc-12`, kisha urudie `dkms autoinstall`. Hili ni kosa dogo linalowafomatisha watu wengi, nami linaniuma kila ninapolisikia.

Ukikuta "No space left on device", `/boot` imejaa kerneli kuukuu. `sudo apt autoremove` huondoa zisizohitajika na kuacha za karibuni.

Ukikuta "implicit declaration of function", au malalamiko kwamba kazi fulani imepewa vigezo vingi kuliko inavyotaka, au "GPL-incompatible module", simama. Draiva inaita kitu ambacho kerneli mpya haina tena au hairuhusu. Kuisakinisha upya mara kumi hakutabadilisha chochote, bali kutamaliza bando. Nenda hatua ya 6.

Kuna hali moja zaidi: moduli imejengwa vizuri lakini kerneli inaikataa kwa maneno "Key was rejected by service". Hiyo ni Secure Boot, inayodai moduli iwe na sahihi. Andika:

`sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`

Itakuomba nenosiri la muda. Ukiwasha upya utaona skrini ya bluu. Chagua "Enroll MOK" na uandike nenosiri hilo. Mwambie mwenye mashine habari ya skrini hiyo mapema, maana akiiona peke yake ataogopa na kuiruka. Mashine zilizotengenezwa kabla ya 2012 kwa kawaida hazina Secure Boot, kwa hiyo usiitafute humo.

## Hatua ya 6: Draiva imeachwa na mwenyewe, chagua njia

Zipo njia mbili za haki. Ya tatu, ya kupakua draiva iliyobandikwa viraka na mtu usiyemjua, siipendekezi kwa mashine ya ofisi au shule. Moduli hiyo inaingia ndani ya kerneli na kuona kila kitu.

### Njia A: Baki kwenye kerneli ya 5.15

Ubuntu 22.04 na Mint 21 zilitoka na kerneli ya 5.15, na inaendelea kupewa viraka vya usalama hadi Aprili 2027. Draiva ya 390 inajengeka juu yake bila shida. Kwa mwenye Fermi anayefanya kazi ya picha na usanifu, njia hii ndiyo ninayoichagua.

`sudo apt install linux-generic`
`sudo apt remove linux-generic-hwe-22.04 linux-image-generic-hwe-22.04 linux-headers-generic-hwe-22.04`

Washa upya na uingie 5.15 kupitia GRUB. Thibitisha kwa `uname -r`. Ndipo uiondoe kerneli ya 6.8, maana GRUB hupendelea namba kubwa kila mara:

`sudo apt remove linux-image-6.8.0-NN-generic linux-modules-6.8.0-NN-generic`

Onyo: kabla ya kukubali, soma orodha ya vitakavyosakinishwa. Ukiona `linux-image-unsigned` imejiingiza, kataa, kisha ongeza `linux-modules-extra-6.8.0-NN-generic` kwenye amri. Usiondoe kamwe kerneli unayoitumia wakati huo.

Wengine hutumia `apt-mark hold` kuifungia kerneli moja. Picha inatulia, ndiyo, lakini viraka vya usalama navyo vinasimama. Kwa kompyuta ya steshenari ambayo kila anayeingia anachomeka flashi yake, hiyo ni hatari isiyo na sababu, ikiwa 5.15 inayosasishwa ipo bure.

### Njia B: Hamia nouveau

Kwa kadi za 340 hii ndiyo njia, na kwa ofisi ya kuchapa barua na kuperuzi inatosha. `nouveau` inaishi ndani ya kerneli, hivyo kusasisha hakuivunji. Gharama yake ni kasi: kwenye Fermi haiwezi kupandisha mwendo wa chipu, kadi inabaki pale ilipowashiwa. Michezo mizito na video kubwa zitakwama.

`sudo apt purge 'nvidia-*' 'libnvidia-*'`
`grep -rl "blacklist nouveau" /etc/modprobe.d /usr/lib/modprobe.d`
`sudo mv /etc/X11/xorg.conf /etc/X11/xorg.conf.zamani`
`sudo update-initramfs -u -k all`

Amri ya pili inatafuta faili zinazoipiga marufuku `nouveau`. Zile zilizobaki zifute. Ya tatu inaondoa usanidi unaoiambia X (Xorg, programu inayosimamia skrini) itafute draiva ambayo umeshaifuta. Kama faili hilo halipo, pita. Ukisahau mojawapo, utarudi kwenye weusi uleule ukidhani `nouveau` ni mbovu.

Na hapa ndipo UPS inapohitajika zaidi. `update-initramfs` inaandika upya faili za kuwashia za kila kerneli. Umeme ukikatika katikati ya usakinishaji, washa kwa kerneli iliyosalimika, andika `sudo dpkg --configure -a`, kisha uirudie amri hiyo.

Ili kuthibitisha, sakinisha `mesa-utils` na uandike `glxinfo -B`. Mstari wa "OpenGL renderer" ukianza na NV, kadi inafanya kazi. Ukiona `llvmpipe`, anayechora ni prosesa peke yake. Rudia amri ya pili na uangalie kama `nomodeset` haikubaki ndani ya `/etc/default/grub`.

## Hatua ya 7: Picha imerudi, programu ya zamani inagoma

Hapa kerneli haina lawama tena. Andika `file` ikifuatiwa na njia ya programu. Jibu likiwa "ELF 32-bit", programu inahitaji maktaba za picha za biti 32, ambazo usakinishaji wa kawaida hauna:

`sudo dpkg --add-architecture i386`
`sudo apt update`
`sudo apt install libgl1:i386 libgl1-mesa-dri:i386`

Ukiwa umebaki na draiva ya Nvidia, ongeza `libnvidia-gl-390:i386`. Toleo lake lazima lilingane kabisa na la moduli.

Programu za miaka ya 2000 zina ugonjwa mwingine: zilitenga nafasi ndogo ya kupokea orodha ya uwezo wa OpenGL, na draiva za leo zina orodha ndefu. Nafasi inafurika, programu inaanguka papo hapo. Mesa, maktaba huria za picha za Linux, ina dawa yake, nayo ni kuionyesha programu orodha ya mwaka wake tu:

`MESA_EXTENSION_MAX_YEAR=2003 ./programu`

Ikiwa inachora vibaya au dirisha linabaki tupu, jaribu `LIBGL_ALWAYS_SOFTWARE=1 ./programu`. Itakuwa polepole, lakini ikichora sawa umejua kosa liko kwenye draiva. Na kwenye Ubuntu, bonyeza alama ya gurudumu wakati wa kuingia, uchague "Ubuntu on Xorg". Zipo programu za zamani zisizoivumilia Wayland, mfumo mpya wa skrini unaochukua nafasi ya Xorg.

## Hatua ya 8: Iandae mashine kwa kerneli ijayo

Fungua `/etc/default/grub` na uweke mistari hii:

`GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu`
`GRUB_TIMEOUT=5`

Kisha `sudo update-grub`. Sasa menyu itaonekana sekunde 5 kila mashine inapowaka, na dada wa kaunta ataweza kuchagua kerneli ya zamani mwenyewe bila kukimbiza mashine kwa fundi. Mwonyeshe mara moja, kwa mikono yake.

Kwenye Mint, washa Timeshift na upige nakala ya mfumo leo hii, picha ikiwa nzima.

Bandika karatasi yako ndani ya kifuniko cha mashine: msimbo wa chipu, namba ya draiva, kerneli inayoelewana nayo, na njia uliyochagua. Kisha sasisha mashine mwenyewe mbele ya mwenye nayo. Kabla ya kuwasha upya, soma `dkms status`: kama umetumia draiva ya Nvidia, kila kerneli iliyomo `/boot` iwe imetajwa. Ikikosekana hata moja, rudi hatua ya 5 ukiwa bado una picha.